Nilichosikia Redioni na Nilichosema Mezani

Mwezi wa Desemba 2018 niliwaambia watu waliosimama mbele ya meza yangu mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, kwamba chanjo ya Ebola ni ugonjwa wa ng'ombe uliovishwa ngozi ya Ebola. Nikaishia hapo. Mmoja akapiga mluzi, mwingine akajishika kichwa, mama mmoja akaita jina la Yesu. Nami nikafurahi, kama nilivyofurahi siku zote nilipowashangaza watu. Habari ile niliisikia redioni, na redio iliieleza yote, mwanzo hadi mwisho. Ningeweza kusema mawe ya redio yalikwisha katikati, au mteja aliniita. Mawe hayakukwisha na hakuna aliyeniita. Niliisikia yote, nikachukua nusu, kwa sababu nusu ile ndiyo iliyokuwa tamu.

Mimi ni fundi wa redio. Meza yangu iko kando ya njia iendayo sokoni, na juu yake kuna chuma cha kuchomelea, risasi, spika zilizopasuka, na redio moja isiyozimwa tangu asubuhi hadi ninapofunga. Fundi wa redio husikiliza kuliko mtu yeyote mtaani, maana hana njia nyingine ya kujua kama mgonjwa wake amepona. Radio Okapi, Radio Moto ya hapa kwetu, RFI kwa Kiswahili, BBC: kitufe kinazunguka, sauti inakuja, inapotea, inarudi. Zamani mafundi wa aina yangu walijulikana kwa uongo wa bei ya vipuri. Mimi nilijulikana kwa daftari.

Katika daftari hilo sikuandika habari za vita wala bei ya mafuta. Niliandika maajabu. La kwanza lilikuwa la mnyama okapi. Redio inayobeba jina lake ilianza kutangaza tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa imekatwa vipande: Goma ilikuwa na waasi wake, sisi wa Beni na Butembo tulikuwa na wetu, na Kinshasa tuliisikia kama nchi ya ng'ambo. Baadaye nikasikia namna mnyama mwenyewe alivyojulikana duniani. Mwaka 1900 Mwingereza Harry Johnston, aliyetumwa na serikali yake kusimamia Uganda, alivuka mto Semliki hadi kwenye ngome ya maofisa wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akiuliza juu ya mnyama wa msituni ambaye Wambuti walimsimulia. Alipata vipande vya ngozi tu. Wataalamu wa London wakaona milia, wakasema ni punda milia wa aina yake. Mwaka 1901 ofisa Mswidi wa ngome hiyo, Karl Eriksson, akapeleka ngozi nzima na mafuvu mawili, ndipo wakatambua kwamba walikuwa wakimtazama jamaa wa twiga. Na ngome ile katika vitabu vya Waingereza inaitwa Mbeni. Ndiyo Beni yetu. Nilipolisema hilo mezani, mtu aliyekuja kununua waya alisahau waya.

Likafuata la mfupa wa Ishango. Ishango iko pale Semliki inapotoka katika Ziwa Edward, katika eneo la Beni. Baadhi yenu mmekula samaki wa huko. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa mdogo uliochongwa alama kwa safu, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Katika safu moja alama zimekaa kwa makundi ya 11, 13, 17 na 19, namba zisizogawanyika. Mfupa wenyewe uko Brussels. Mezani kwangu habari hii ilikuwa fupi zaidi: wazee wetu walijua hesabu kabla ya Wazungu, na Wazungu wamezificha Brussels. Redio ilikuwa imesema pia kwamba wataalamu hawakubaliani. Kuna anayeona hesabu, kuna anayeona kalenda ya mwezi, na kuna anayesema huenda alama zilichongwa tu ili mfupa usiteleze mkononi. Huyo wa mwisho nilimfuta kabisa. Nani angesahau waya wake kwa ajili ya mfupa usioteleza?

Hapo ndipo tabia ilipoanza, na nakiri kwamba niliijua. Kila jambo la ajabu lina maelezo yake, na maelezo hupunguza ajabu. Mtu akishaelewa, haendelei kushangaa. Anasema "aa, kumbe," anaondoka. Mimi sikutaka aondoke. Nilitaka abaki ameshika kichwa. Basi nikajifunza mahali pa kukata, kama kinyozi anavyojua nywele ziishie wapi. Kwa miaka mingi hakuna aliyedhurika. Mtu akiamini kwamba mfupa wa Ishango ni kitabu cha hesabu, atakwenda shambani kwake vilevile na kurudi vilevile.

Kisha ikaja Ebola, na Ebola ni ghala la maajabu. Nasema hivi kwa aibu, lakini ndivyo daftari langu lilivyojaa. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko Mangina, mwendo mfupi kutoka Beni, wiki moja tu baada ya kutangaza kwamba ule wa mkoa wa Équateur umekwisha. Ulikuwa mlipuko wa kumi katika nchi yetu. Redio zote zikaanza kueleza, asubuhi na jioni, na mimi nikaanza kuandika. Kwamba mwaka 1976 damu ya mgonjwa kutoka Yambuku ilipelekwa Ubelgiji kwa ndege ya abiria, ndani ya chupa ya chai, na ilipofunguliwa Antwerp kichupa kimoja kilikuwa kimevunjika. Kwamba Ebola ni jina la mto, na kwamba waliochagua jina hilo waliogopa kukitia doa kijiji cha Yambuku. Kwamba profesa wetu Jean-Jacques Muyembe alikwenda Yambuku mwaka huo, akawagusa wagonjwa bila glavu, na bado yuko hai. Haya yote ni kweli. Niliyasema yote mezani, na watu walikuja kusikiliza hata wasio na redio ya kutengeneza.

Mtaani wakaanza kuniita Papa Redio. Neno langu likawa si langu tena. Nikisema kitu, kilichoenda sokoni ni "redio imesema". Nililipenda sana jambo hili. Nilipaswa kuliogopa.

Chanjo yenyewe ilianza kutolewa Mangina tarehe 8 Agosti 2018. Haikutolewa kwa kila mtu. Walichanjwa waliomgusa mgonjwa, na waliowagusa hao, na wahudumu wa afya. Hivyo mtaani palikuwa na watu waliotafutwa kwa majina ili wachanjwe, na wengine waliokuwa tayari wakaambiwa zamu yao bado. Hilo peke yake lilitosha kuzusha maneno. Ilibidi itunzwe kwenye baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, katika mji ambao umeme wenyewe ni wa kubahatisha. Hilo nalo niliandika. Na ilimletea mtu homa siku chache, homa ambayo ni dalili ya ugonjwa wenyewe unaoogopwa.

Jioni moja nikasikia kipindi kilichoeleza imetengenezwaje. Nitaandika hapa nusu niliyoichukua. Nusu nyingine itakuja mahali pake. Kuna kirusi kinachosumbua ng'ombe, farasi na nguruwe, kikiwatoa vidonda mdomoni. Wanasayansi wa Kanada walikichukua kirusi hicho, wakakivua ganda lake la nje, wakakivika la Ebola. Mtangazaji alikuwa hodari, lugha yake nyepesi, na alipofika hapo akatua kidogo ili msikilizaji ashangae. Nilishangaa. Nikaandika. Akaendelea kueleza, na mimi nikaendelea kusikiliza kalamu ikiwa chini.

Siku niliyoyasema mezani haikuwa siku yoyote tu, na sitajifanya sikujua. Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi huko magharibi, hazitapiga kura na nchi nzima tarehe 30. Sababu zilizotajwa ni usalama na Ebola. Sisi tungepiga Machi, wakati rais mpya angekuwa ameshaapishwa. Kesho yake watu wenye hasira mjini Beni wakavamia kituo cha kupokelea wagonjwa, na waliokuwa wakisubiri majibu ya vipimo wakakimbia. Tarehe 30 vijana wa Beni wakapanga mistari na kuendesha kura yao wenyewe, isiyohesabiwa popote, wakinawa mikono na kupimwa joto, kuonyesha kwamba kama ni Ebola, kura inawezekana. Katika siku hizo kila mtu aliyesimama mezani kwangu alikuwa na swali moja tu, hata kama hakulitamka: huu ugonjwa ni wa nani, na unamsaidia nani?

Swali hilo lilikuwa na mizizi. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni walikuwa wakichinjwa mashambani na pembezoni mwa mji. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016 waliuawa makumi katika mtaa wa Rwangoma. Miaka yote ile hatukuona misururu ya magari mapya. Ilipotangazwa Ebola, magari yakaja, na wageni wenye fulana, na nyumba za kupanga zikapanda bei, na vijana wetu wachache wakapata kazi na wengi wakawatazama. Watu walisema Ebola ni biashara. Watu walisema imeletwa ili kutumaliza sisi Wanande, kwa kuwa mapanga yamechelewa. Watafiti waliowahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo mwezi wa Septemba 2018 walikuta kwamba mmoja katika kila wanne hakuamini kwamba mlipuko huo upo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la madaktari la The Lancet Infectious Diseases, nami niliposikia idadi hiyo redioni sikuona ajabu lolote. Kwenye meza yangu wangekuwa wengi kuliko hao.

Kwa watu hao, katika siku hizo, ndiyo nikasema: chanjo ni ugonjwa wa ng'ombe uliovishwa ngozi ya Ebola.

Jioni ileile, kabla sijafunga, kijana mwendesha pikipiki akasimama kuongeza upepo kwa jirani yangu, akaniuliza kama nimesikia. Nimesikia nini? Kwamba ndani ya sindano mnawekwa Ebola yenyewe, redio imesema. Ng'ombe alikuwa ameshapotelea njiani. Nilijua mara moja kwamba ni mwanangu anayerudi nyumbani. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "La, kijana, hiyo ilitoka hapa, na haikuwa hivyo." Nikamjibu kwamba nimesikia kitu kama hicho. Kusema kweli nilijisikia fahari kidogo. Ajabu langu lilikuwa limezunguka mji mzima kwa alasiri moja, na watu hawakujua ni langu.

Jirani yangu mwingine, mama auzaye makaa upande wa pili wa njia, alikuwa miongoni mwa waliosikia kwangu moja kwa moja. Mwanzoni mwa 2019 ndugu yake alifariki Katwa, upande mmoja wa mji wetu, ambako ugonjwa ulikuwa umekaza. Jina lake likaandikwa katika orodha ya waliomgusa marehemu. Timu ya chanjo ilipokuja, alikataa. Alisema mbele ya watu kwamba hata Papa Redio amesema ndani yake kuna Ebola. Nilikuwa pale, hatua chache tu, nikigeuza redio ya mtu. Mhudumu mmoja, msichana wa hapahapa aliyezungumza naye kwa Kinande kwa upole, alinigeukia kama mtu anayeomba msaada. Niliinama nikatafuta bisibisi.

Mama yule aliugua. Alikaa nyumbani mwanzoni, akiuguzwa na mama mkwe wake. Kisha akapelekwa kituoni, akatibiwa, akapona, akarudi na cheti cha kupona ambacho majirani walikiogopa kuliko ugonjwa. Mama mkwe hakupona.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu, na ni zito kwangu kuliko yote niliyoyaandika hapo juu. Mama yule alipougua, timu ilirudi mtaani kwetu na kuwatafuta majirani zake. Nilikuwa katika orodha. Mimi nilikubali. Sikukubali pale mtaani; nilikwenda kituo cha afya asubuhi mapema, nikakunja mkono wa shati langu mlangoni, nikachanjwa, nikarudi kufungua meza kama kawaida. Homa iliponipata niliwaambia watu ni malaria. Nilichanjwa kwa sababu nilijua nusu ya pili. Nilikuwa nimeihifadhi kwa ajili yangu mwenyewe, kama mtu anayeuza dukani unga asioula nyumbani kwake.

Yaliyofuata kila mtu wa Butembo anayajua. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa moto; siku tatu baadaye kikashambuliwa cha Butembo. Tarehe 19 Aprili, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, daktari Mkameruni Richard Valery Mouzoko Kiboung aliuawa kwa risasi, alipokuwa kikaoni na wenzake. Sitasema kwamba meza yangu ndiyo iliyowasha moto ule. Wenye bunduki walikuwa na mambo yao, na wengine walitumwa na wenye mambo makubwa zaidi. Hilo halinipunguzii kitu. Wenye bunduki wanahitaji mtaa usioshangaa wanapopita, na mimi nilikuwa mmoja wa waliouandaa mtaa.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo nikasikia habari ambayo, kama ningekuwa bado fundi wa maajabu wa zamani, ingenitosha mwaka mzima. Dawa mbili zilizojaribiwa katika vituo vyetu zilikuwa zimeonekana kuokoa watu kuliko nyingine. Moja ya hizo, iliyoitwa mAb114, chanzo chake ni damu ya Mkongo aliyeugua Ebola mjini Kikwit mwaka 1995 akapona. Miaka zaidi ya kumi baadaye damu yake ilikuwa bado inaukumbuka ugonjwa ule, na kutokana na kumbukumbu hiyo wakatengeneza dawa. Na wazo la kutumia damu ya waliopona, Muyembe alilijaribu Kikwit mwaka uleule wa 1995 kwa wagonjwa wanane, wakapona saba.

Safari hii niliamua kusema yote. Niliisimulia polepole, bila kutua mahali pa kushangaza, na maelezo yake hadi mwisho. Mzee mmoja akanisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza, kisha akawageukia wenzake: "Mnaona? Kumbe wanachotafuta ni damu yetu." Wakaitikia. Nikajaribu kusema tena. Wakaniambia, "Papa Redio, wewe mwenyewe ndiye uliyetufungua macho." Wala hawakunikejeli. Walinishukuru.

Wapo waliotumia redio kinyume na mimi, na walilipa. Katika kijiji cha Lwemba, mkoa jirani wa Ituri, mtangazaji wa redio ya jamii Papy Mumbere Mahamba alikuwa akiwaeleza wasikilizaji wake namna ya kujikinga na Ebola. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019 alichomwa visu nyumbani kwake akafa, na nyumba ikateketezwa. Alikuwa na maikrofoni na kijiji kidogo, akasema jambo zima. Mimi nilikuwa na meza na mji, nikasema nusu, na hakuna aliyenigusa hata kwa kidole.

Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walihesabiwa 3,470, waliokufa 2,287. Ugonjwa umerudi tena kwa vishindo vidogo, Butembo mwezi wa Februari 2021 na Beni Oktoba mwaka huohuo, na chanjo imerudi nao.

Nilipojikaza kumwendea mama wa makaa, miaka ilikuwa imepita. Nilivuka njia, nikaomba kiti, nikamwambia kila kitu, pamoja na kwamba mimi nilichanjwa. Alisikiliza huku akipanga makaa yake kwa mafungu. Nilitegemea anifukuze, na pengine nilitaka anifukuze. Alisema, "Papa, mimi nilikuwa nimeshakataa kabla hujasema. Nilikataa tangu walipotunyima kura. Wewe ulinipa tu neno la kuwajibu." Kisha akanyamaza kwa muda, akaongeza kwamba kwa ajili yake mwenyewe amenisamehe, ila juu ya mama mkwe wake yeye hana msamaha wa kutoa, maana si wake.

Nimelifikiria jibu lile sana. Kwa muda nilijaribu kulitumia kujitetea: kwamba watu walikuwa na sababu zao, za kura, za Rwangoma, za magari, na mimi ni mpita njia tu. Haifai. Hasira yake ilikuwa ya haki. Ilikuwa juu ya kura na juu ya wafu wa Beni, na ingeweza kubaki juu ya hayo. Mimi ndiye niliyeihamishia kwenye sindano. Mtu mwenye hasira ya haki anapokosa la kusema mbele ya mhudumu mpole aongeaye Kinande, huenda akanyoosha mkono achanjwe, kisha aende kuandamana kesho. Nilimpa la kusema.

Bado nasikiliza. Bado ninalo daftari, ingawa siku hizi halikai mezani. Kwa wenzangu watangazaji, maana wengine wao huleta redio zao kwangu, nina ombi la fundi. Vipindi vya "je, wajua" vinapendwa, na mimi nitakuwa wa mwisho kusema vifutwe. Ila mnavipanga vibaya. Mnaweka ajabu mbele na maelezo nyuma, na mimi na wenzangu wa mezani, wa saluni, wa kwenye kilabu cha kasiksi, tunakata nyuma. Wekeni maelezo mbele. Anzeni kwa kusema kwamba chanjo hii haiwezi kumpa mtu Ebola, kisha ndipo mseme ni kwa nini, na ng'ombe aje mwisho. Atakayetaka kusimulia habari ya ng'ombe itabidi apitie kwanza lile lililo muhimu. Atakayekata, atakata ng'ombe. Itapungua utamu, najua. Na mtangazaji atakayesema hayo asitue katikati. Kule kutua ndiko kulikoniponza, ingawa kosa si lake.

Kwa wewe uliyesimama mezani kwangu Butembo mwishoni mwa 2018 ukaondoka umeshika kichwa, nakudai dakika moja, nikupe ile nusu. Kirusi cha ng'ombe kilichotumiwa ni kile cha vidonda vya mdomo, na kilidhoofishwa. Kutoka kwa Ebola walichukua chembe moja tu, ile ya ganda la nje. Mwili wako unaliona ganda hilo, unajifunza kulipiga, na siku Ebola yenyewe ikija unaitambua kwa vazi lake. Ebola nzima haimo ndani ya sindano, na sehemu iliyomo haiwezi kuzaa ugonjwa. Kinga huchukua siku kama kumi kukamilika, ndiyo maana baadhi ya waliochanjwa wakiwa wameshaambukizwa waliugua, na watu wakailaumu sindano. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa katika mlipuko ule, nami nimo. Kama ulimpelekea mtu maneno yangu ya kwanza, mpelekee na haya, na umwambie yametoka kwa fundi, si redioni.